Bandu Bandu Huisha Gogo: Mbinu Nyumbufu za Kuunda Programu na Nafasi Yake katika Malengo ya Mtu Binafsi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mbinu nyumbufu za kuunda programu za tarakilishi, ambazo zilipata tamko lao la pamoja mwaka 2001, na kuchunguza namna zinavyoweza kumfaa mtu mmoja mwenye lengo lake mwenyewe, hususan mwanafunzi anayeandika tasnifu ya Kiswahili. Mifano mingi imechotwa katika mazingira ya Malava, Kaunti ya Kakamega. Hoja kuu ni kwamba kiini cha mbinu hizi si kasi, kama inavyodhaniwa na wengi, bali ni kuufupisha muda uliopo kati ya kutenda jambo na kujua kama jambo hilo limefaa. Mipaka ya mbinu hizi pia imebainishwa.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka mjini Kakamega kuelekea Webuye hupita Malava, katika nchi ya Wakabrasi, na jambo la kwanza linalomlaki ni miwa. Mkulima wa hapa apandapo miwa hujifunga kwa muda mrefu. Zao la kwanza huhitaji takribani miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa na kupelekwa kiwandani. Muda wote huo mkulima hupalilia, hutia mbolea na kungoja. Hesabu kamili ya faida au hasara yake huijua siku ya mizani na malipo. Hata hivyo, nyuma ya nyumba ya mkulima huyo huyo aghalabu pana bustani ndogo ya kunde, mnavu na mrenda. Mboga hizi huchumwa wiki chache baada ya kupandwa. Tuta likidumaa, mama mwenye bustani huliona mapema, huongeza samadi au hubadili mbegu, na baada ya wiki nyingine chache hujua kama uamuzi wake ulikuwa wa busara. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Kinachotofautiana ni urefu wa muda kati ya kutenda na kujua.

Tofauti hiyo ndiyo mada ya makala haya. Wanafunzi wengi huziendesha tasnifu zao kama zao la miwa ilhali wangeweza kuziendesha kama bustani ya mboga. Mwanafunzi hupewa mwaka, hujifungia maktabani, huandika sura baada ya sura bila kumwonyesha mtu, kisha huikabidhi kazi nzima siku ya mwisho. Ikigunduliwa siku hiyo kwamba swali la utafiti lilikosewa tangu mwanzo, mwaka umekwisha kwenda, na karo, ambayo pengine ililipwa kwa fedha za miwa ile ile, imekwenda pamoja nao. Wapo wanaorudi nyumbani bila shahada si kwa sababu ya uvivu wala upungufu wa akili, bali kwa sababu kosa lao lilichelewa mno kujulikana.

Wataalamu wa tarakilishi walikumbwa na tatizo lilo hilo miongo kadhaa iliyopita, na jawabu walilolitafuta linastahili kufahamika nje ya uwanja wao.

2.0 Usuli wa Mbinu Nyumbufu

2.1 Utaratibu wa maporomoko

Kwa muda mrefu uundaji wa programu kubwa uliigwa kutoka uhandisi wa majengo na madaraja. Mahitaji yote yalikusanywa kwanza, mchoro ukafuata, kisha programu ikaandikwa, ikajaribiwa, na mwishowe ikakabidhiwa kwa mteja. Kila hatua ilianza baada ya nyingine kukamilika, mithili ya maji yanayoporomoka kutoka jabali moja hadi jingine bila kuweza kupanda tena. Kwa ajili hiyo utaratibu huu uliitwa maporomoko.

Mwaka 1970 Winston Royce, mtaalamu wa Marekani, aliandika makala ambayo mara nyingi hutajwa kuwa chanzo cha utaratibu huu. Kejeli ya historia ni kwamba Royce hakuutetea. Aliuchora mfululizo huo wa hatua, kisha akaonya kwamba ukifuatwa jinsi ulivyo una hatari, kwa kuwa majaribio huja mwishoni na yakifeli humlazimu mtu kurejea mwanzo kabisa. Wasomaji wengi waliuchukua mchoro na kuliacha onyo. Matokeo yake yalikuwa miradi iliyochukua miaka mingi na kuishia kutoa programu ambazo mteja hakuzihitaji tena, kwa sababu mahitaji yake yalikuwa yamebadilika njiani.

2.2 Mfano wa raga

Mwaka 1986 wasomi wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walichapisha makala kuhusu namna kampuni kadhaa za viwanda zilivyobuni bidhaa mpya. Walilinganisha mitindo miwili. Wa kwanza ulifanana na mbio za kupokezana vijiti: idara moja humaliza sehemu yake, hukabidhi kijiti na kukaa pembeni. Wa pili ulifanana na mchezo wa raga, ambapo timu nzima husonga mbele kwa pamoja huku ikirushiana mpira. Kutokana na tashbihi hiyo, Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliuita utaratibu wao wa kuunda programu kwa jina la skramu, utaratibu waliouwasilisha kwa wanataaluma mwaka 1995. Skramu katika raga ya wachezaji 15 ni pale wachezaji wanane wa kila upande wanaposhikana, wakainama na kusukumana wakiugombea mpira.

Msomaji wa Malava hahitaji kuelezwa mengi kuhusu skramu. Eneo hili limeipa raga ya Kenya timu ya Kabras Sugar, ambayo ilitwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Mshabiki aliyewahi kuitazama timu hiyo anajua kwamba skramu haidumu mchezo mzima. Hujipanga, husukuma kwa muda mfupi, huachana, kisha hujipanga upya penye hali mpya ya uwanja. Maana iliyokusudiwa na waunda programu imo humo.

2.3 Tamko la mwaka 2001

Mnamo Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Kila mmoja alikuwa na mbinu yake, lakini walikubaliana juu ya tamko fupi lenye maadili manne na kanuni 12. Kwa muhtasari, walikubaliana kwamba watu na mawasiliano yao yatangulie taratibu na zana. Programu inayofanya kazi itangulie rundo la nyaraka. Ushirikiano na mteja utangulie mabishano ya mkataba. Na kuitikia mabadiliko kutangulie kuufuata mpango bila kupepesa macho. Walisisitiza pia kwamba taratibu, nyaraka, mikataba na mipango vina thamani yake. Walichokipanga upya ni kipaumbele tu. Kusahaulika kwa kauli hiyo ya mwisho kumesababisha watu wengi kudhani kwamba unyumbufu ni kuishi bila mpango.

3.0 Suala la Istilahi

Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuipita dhana mpya bila kuuliza jina lake. Neno la Kiingereza lililoteuliwa mwaka 2001 hudokeza wepesi wa mwili, kama wa swala akwepaye adui. Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa «mbinu nyepesi», lakini katika Kiswahili kitu chepesi huweza pia kuwa kitu rahisi au kisicho na uzito, na mbinu hizi si rahisi hata kidogo. Kulitohoa neno lenyewe kuwa «ajaili» kungelihifadhi umbo na kuipoteza maana kwa msomaji asiyelijua Kiingereza.

Makala haya yametumia kivumishi «nyumbufu», kinachotokana na kitenzi nyumbua, yaani kukunja au kuvuta kitu kinachopindika bila kukivunja. Tanbihi inahitajika hapa: nyumbua si nyambua, kitenzi ambacho wanafunzi wa sarufi wamekizoea katika mada ya unyambulishaji. Ufito ulionyumbuka hurudi ulipokuwa. Nyama iliyonyambuliwa hairudi. Mpango mzuri ni ule unaonyumbuka.

Istilahi nyingine zitakazotumika ni hizi. «Awamu» ni kipindi kifupi chenye urefu usiobadilika, aghalabu kati ya wiki moja na wiki nne. «Akiba ya kazi» ni orodha ya mambo yote yanayosubiri kufanywa, yakiwa yamepangwa kwa umuhimu. «Kigezo cha ukamilifu» ni sharti linalokubaliwa mapema kuhusu lini kazi itahesabiwa kuwa imekwisha. «Onyesho» ni kukabidhi kilichokamilika mbele ya anayekihitaji. «Kikao cha kutazama nyuma» ni mazungumzo mafupi kuhusu namna kazi ilivyofanywa, si kuhusu kazi yenyewe.

4.0 Unyumbufu katika Historia ya Karibu

Ipo mifano ya Afrika Mashariki inayodhihirisha kanuni hizi, hata pale ambapo wahusika hawakuzitaja kwa jina.

Mfano wa kwanza ni M-Pesa. Jaribio lake lilianza mwaka 2005 kwa wateja wasiozidi 500, likizihusisha Safaricom, Vodafone na asasi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Shabaha ya awali ilikuwa kumwezesha mkopaji kulipa mkopo wake kwa simu. Wakati wa jaribio ilibainika kwamba watu walikuwa wakiutumia mfumo kwa mambo mengine, hasa kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa kwa umma mwezi Machi 2007, ujumbe wake mkuu haukuwa tena ulipaji wa mikopo bali utumaji wa fedha nyumbani. Lau wabunifu wangeijenga huduma kamili ya mikopo na kuizindua nchi nzima kwa pamoja, huenda wangeipata habari hiyo wakiwa wamekwisha kutumia fedha zote.

Mfano wa pili ni Ushahidi, jukwaa ambalo jina lake lenyewe ni la Kiswahili. Lilianzishwa Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili raia waripoti matukio na ripoti hizo zionyeshwe kwenye ramani. Toleo la kwanza liliundwa kwa siku chache tu na lilikuwa na upungufu mwingi. Lakini lilitumika, likarekebishwa, na mwaka 2010 lilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kungoja toleo timilifu kungemaanisha kukosa toleo lolote wakati lilipohitajika.

Mfano wa tatu uko mezani pa kila mwanafunzi wa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, ikarekebishwa na kutolewa tena mwaka 2004, na toleo la tatu likafuata mwaka 2013. Hakuna aliyedai mwaka 1981 kwamba kamusi hiyo imekamilika milele, wala hakuna aliyesema isichapwe hadi ikamilike. Kamusi ni kazi isiyokwisha ambayo hata hivyo hutolewa. Awamu zake ni za miaka mingi, lakini mantiki ni ile ile.

5.0 Matumizi kwa Mtu Mmoja: Mfano wa Tasnifu

Mbinu nyumbufu ziliundwa kwa ajili ya timu. Waandishi kadhaa wamejaribu kuzileta katika maisha ya mtu mmoja na ya familia. Jim Benson na Tonianne DeMaria Barry walifanya hivyo mwaka 2011 kwa kuegemea Kanban, utaratibu wa kadi uliobuniwa katika viwanda vya Toyota chini ya Taiichi Ohno. Naye Bruce Feiler alieleza mwaka 2013 jinsi familia zinavyoweza kufanya vikao vya kila wiki kwa mtindo huo. Sehemu hii inaonyesha hatua hizo kwa mfano wa kubuni.

Chukulia mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, mjini Kakamega. Amezaliwa Malava na anataka kutafiti msamiati wa kilimo cha miwa: majina ya hatua za ukuaji, ya zana, ya kazi za wakataji, na ya shughuli za vinu vya sukari guru. Ana mwaka mmoja.

5.1 Akiba ya kazi

Kwanza mwanafunzi huandika kila jambo linalohitajika, moja kwa kila kadi. Kadi haitaji shughuli tupu kama «kuandika sura ya pili». Hutaja anayeihitaji kazi hiyo na sababu ya kuihitaji. Mathalani: «Msimamizi anahitaji kurasa tatu zinazoeleza tafiti zilizopo, ili aamue kama pengo linalodaiwa lipo kweli.» Kadi ya namna hiyo humzuia mwandishi kujaza kurasa 40 za mapitio ya maandishi ambazo hazimsaidii yeyote kuamua lolote.

5.2 Kipaumbele kwa kinachoweza kuuzamisha mradi

Kadi zikishaandikwa, hupangwa. Swali la kuongoza si «lipi ni rahisi?» wala «lipi huja kwanza katika mpangilio wa sura?» Swali ni «ni dhana ipi ambayo ikiwa si kweli, mradi wote unaanguka?» Kwa mwanafunzi huyu, dhana hiyo ni kwamba wakulima wa Malava wanao msamiati mahususi na kwamba hojaji yake inaweza kuupata. Kwa hiyo kadi ya kwanza si ya nadharia bali ni ya kuwahoji wakulima watatu.

5.3 Awamu ya wiki mbili

Mwanafunzi huteua kadi chache anazoamini atazimaliza katika wiki mbili, na kwa kila moja huandika kigezo cha ukamilifu. «Mahojiano matatu» hayajakamilika yanapokuwa bado yamo katika kinasa sauti; yamekamilika yakishanukuliwa na maneno yake kuorodheshwa. Awamu ikishaanza, kadi haziongezwi. Muda wa awamu nao haurefushwi: kisichokwisha hurudi katika akiba ya kazi, na ukweli huo hubaki wazi.

5.4 Ubao wenye safu tatu

Kadi hubandikwa ukutani katika safu tatu: zinazosubiri, zinazofanywa na zilizokwisha. Safu ya kati huwekewa kikomo, mathalani kadi mbili tu. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika saba. Kikomo hiki ndicho sharti gumu kuliko yote, kwa kuwa kuanza kazi mpya huleta raha ya haraka ilhali kumaliza ya zamani huchosha. Pasipo kikomo, ubao hugeuka pambo.

5.5 Maswali ya kila siku

Timu za skramu hukutana kwa muda usiozidi dakika 15 kila siku. Mtu mmoja hana wa kukutana naye, hivyo humtafuta mwenzake mmoja na kumtumia ujumbe mfupi unaojibu maswali matatu: nini kilifanyika jana, nini kitafanyika leo, na nini kinazuia. Swali la tatu ndilo lenye manufaa makubwa zaidi. Mtu huweza kukwama wiki nzima kwa sababu ya kitabu asichokipata, ambacho mwenzake anacho.

5.6 Onyesho

Mwishoni mwa wiki ya pili mwanafunzi humpelekea msimamizi kurasa zake chache pamoja na orodha ya maneno. Humrudia pia mmoja wa wakulima na kumsomea orodha hiyo. Hapa ndipo tukio la maana hutokea katika mfano huu. Mkulima husikiliza, hucheka, na kusema kwamba hayo ni maneno ya shuleni. Alimjibu mwanafunzi kwa Kiswahili cha darasani kwa kuwa aliulizwa kwa Kiswahili cha darasani. Wakataji miwa wakiwa kazini husema vingine, kwa Kikabrasi na Kiswahili vilivyochanganyika.

Hojaji imefeli, na kufeli huko ni faida kubwa. Kumegharimu wiki mbili. Katika utaratibu wa maporomoko kungegharimu miezi minane, na huenda kusingegunduliwa kabisa: tasnifu ingeandikwa juu ya maneno ambayo hakuna mkulima anayeyatumia, na mtahini asiyewahi kufika Malava angeipitisha.

5.7 Kikao cha kutazama nyuma

Kabla ya kuanza awamu ya pili, mwanafunzi huketi kwa nusu saa na kuuliza: kipi kilifaa, kipi hakikufaa, na kipi kimoja kitabadilishwa? Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Katika mfano huu badiliko ni kuiweka kando hojaji na kushinda shambani na wakataji, akisikiliza wanavyozungumza. Mwanafunzi huhesabu pia kadi zake. Alipanga kumaliza sita na akamaliza mbili. Awamu ijayo atapanga tatu. Baada ya awamu nne au tano atakuwa na kadirio la uwezo wake linalotokana na ushahidi, na ataweza kumwambia msimamizi bila kujidanganya kama mwaka utatosha au upeo wa utafiti hauna budi kupunguzwa. Kupunguza upeo mwezi wa tatu ni uamuzi wa kitaaluma. Kuupunguza mwezi wa kumi na mbili ni msiba.

6.0 Je, Haya ni Mapya?

Msomaji aliyelelewa katika methali huweza kuuliza kama kuna jipya hapa. Bandu bandu huisha gogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haba na haba hujaza kibaba. Hekima ya kazi ndogo ndogo na ya kurekebisha mapema imo katika lugha tangu kale, na mama mwenye bustani ya mnavu hakuipata Utah.

Hata hivyo, kudai kwamba mbinu nyumbufu ni methali zilizovikwa suti kungekuwa kuipita tofauti muhimu. Methali hutoa shauri lakini haimfungi mtu kwa kalenda. Mwanafunzi anaweza kuinukuu «usipoziba ufa» katika insha nzuri huku tasnifu yake ikipasuka nyufa pande zote. Walichokiongeza waunda programu ni utaratibu unaolazimisha ufa uonekane: tarehe isiyosogezwa, kigezo kilichoandikwa, na mtu mwingine anayetazama.

Sharti hilo la kutazamwa ndilo linalowashinda wengi. Kumwonyesha msimamizi kurasa ambazo hazijakaa sawa huonekana kuwa aibu. Mwanafunzi hupendelea kusubiri hadi kazi ing'ae. Lakini mficha uchi hazai. Kazi inayofichwa haipati marekebisho, na kadiri inavyofichwa ndivyo mwenyewe anavyozidi kuionea haya, na ndivyo anavyozidi kumkwepa msimamizi. Tasnifu nyingi zilizokwama huanzia hapo, si katika nadharia.

7.0 Mipaka ya Mbinu Hizi

Haifai kuhitimisha kwamba kila lengo linaweza kukatwakatwa. Muwa haukatwi baada ya wiki mbili eti mkulima anataka maoni ya kiwanda. Yapo malengo ambayo ukuaji wake haufupishiki: kulea mtoto, kuipata lugha ya pili, kuiva kwa riwaya akilini mwa mtunzi. Hata hivyo, mkulima wa miwa mwenyewe hafungi macho kwa miezi 18. Huchunguza machipukizi, hupanda maharagwe katikati ya mistari miwa ingali michanga, na hutenga kipande cha shamba kwa mahindi. Funzo liko wazi zaidi tangu Kampuni ya Sukari ya Mumias, katika kaunti hiyo hiyo ya Kakamega, ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Aliyekuwa ameweka ardhi yake yote katika zao moja na mnunuzi mmoja hakuwa na pa kuegemea. Pale ambapo zao haliwezi kufupishwa, hatari yake yaweza kugawanywa.

Mpaka wa pili ni wa nafsi. Katika timu, mteja na mtendaji ni watu tofauti. Mtu mmoja huwa vyote viwili, na ni rahisi mteja kumsamehe mtendaji. Kila baada ya wiki mbili anaweza kubadili lengo na kuuita uhamaji huo unyumbufu. Dawa yake ni kutenganisha lengo na njia. Njia na ibadilike kila awamu ikibidi, lakini lengo lisiguswe ila kwa sababu iliyoandikwa na kusomwa na mtu wa pili.

Mpaka wa tatu ni wa mazingira ya chuo. Mhadhiri mwenye wanafunzi wengi hawezi kusoma kazi ya kila mmoja kila baada ya wiki mbili, na kumtaka afanye hivyo ni kumhamishia mzigo. Hapa vikundi vya wanafunzi watatu au wanne wanaosomeana kurasa huweza kuziba pengo. Kwa njia hiyo msimamizi hufikiwa na kazi iliyokwisha kupita katika macho matatu, naye huitwa pale ambapo rai yake ndiyo itakayoamua.

Mpaka wa nne ni wa vipimo. Idadi ya kadi zilizokwisha haipimi ubora wa fikra. Mwanafunzi anayezivunja kazi zake vipande vidogo ili aone safu ya tatu ikijaa anajihesabia mapovu. Kadi moja iliyobadilisha mwelekeo wa utafiti mzima, kama ile ya mkulima aliyecheka, ni bora kuliko kumi zilizothibitisha kile kilichokwisha kujulikana.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mbinu nyumbufu zilizuka kutokana na hasara ya kujua makosa kwa kuchelewa, na kwamba vipengele vyake, yaani akiba ya kazi, awamu, kikomo, onyesho na kutazama nyuma, vyote vinatumikia shabaha moja: kuuleta ukweli karibu na kitendo. Shabaha hiyo haiwahusu waunda programu peke yao. Inamhusu mtahiniwa wa kidato cha nne anayejipima kwa karatasi moja ya mtihani uliopita kila wiki badala ya kungoja mwezi wa mwisho. Inakihusu chama cha akina mama kinachokagua akiba yake kila mwezi badala ya kufungua sanduku Desemba. Zaidi ya hao, inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa msamiati anaoutafiti uko vinywani mwa watu wanaozeeka, na shamba la leo huenda lisiwepo mwakani.

Anayetaka kuanza hahitaji programu wala mashine. Ukuta, kadi chache, kalenda na mwenzi mmoja mkweli vinatosha. Swali la kwanza la kuandikwa kwenye kadi ya kwanza ni lile lile ambalo mama wa Malava hujiuliza akilitazama tuta lake: hapa, kabla msimu haujapita, nitajuaje kwamba nimekosea?